Meneja wa Kati na Kiti Kinachotikisika: Majibu kwa Wasomaji

Mwezi huu nimeziweka kando barua za wapangaji na za mirathi, kwa sababu katika bahasha za wiki tatu zilizopita nimekuta nyingi zinazouliza jambo moja kwa sauti tofauti. Watu wenye vyeo vya kati, yaani walio juu ya msimamizi na chini ya mkurugenzi, wanaona kibarua kinaanza kuota nyasi ingawa bado wanaamkia kazini kila asubuhi. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kukalia kiti cha namna hiyo.

Barua ya kwanza

*Kwa Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni meneja wa shughuli katika kampuni ya kusambaza bidhaa iliyoko kando ya Barabara ya Mombasa. Nina umri wa miaka 46, nimeitumikia kampuni hii miaka 14, na mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 180,000. Chini yangu wako wasimamizi saba wa maghala na malori. Kila Jumapili jioni wasimamizi hao hunitumia hesabu zao kwa WhatsApp, nami huzipanga kwenye Excel mpaka usiku, kisha Jumatatu saa mbili asubuhi huzisoma mbele ya mkurugenzi. Mwezi wa Machi kampuni iliweka programu inayohesabu mizigo yenyewe. Jumatatu iliyopita, nilipofungua kinywa nianze kusoma, mkurugenzi aliinua simu yake akasema, "Hizo nimeziona tangu juzi usiku. Niambie kingine." Sikuwa na kingine. Wiki hiyo hiyo ulitoka waraka kwamba kampuni inatafakari "muundo mwepesi zaidi". Nina mkopo wa Sacco ambao umebakiza miaka mitatu, na watoto wawili wako sekondari. Je, sheria inanilinda? Na je, nianze kutafuta kwingine au ningoje?*

*— Wa Imara Daima*

Jibu

Ndugu wa Imara Daima, umeniuliza kuhusu sheria, nami nitafika huko, lakini swali zito kuliko yote katika barua yako hukuliuliza wewe. Aliliuliza mkurugenzi wako. Maneno hayo, "Niambie kingine," nimeyasoma mara kadhaa, na siamini kwamba alikusudia kukudhalilisha. Naona aliuliza kwa dhati, na ukimya wako ndio uliomjibu vibaya.

Kwa muda mrefu kampuni zilihitaji meneja wa kati kwa sababu habari haikuwa na miguu. Hesabu ya ghala ilikaa ghalani mpaka mtu aifuate, aichambue makosa yake, aipandishe ghorofani, kisha ateremke na maagizo. Meneja alilipwa kwa kupanda na kushuka ngazi hiyo. Siku hizi hesabu inapanda yenyewe usiku wa Jumamosi wewe ukiwa umelala, na aliye juu anajiuliza kwa nini analipa mshahara wa mtu wa kuipandisha. Huko Marekani jambo hili limesemwa bila kificho. Mark Zuckerberg aliuita mwaka wa 2023 mwaka wa ufanisi katika Meta, kampuni mama ya Facebook, na akapunguza ngazi za mameneja, na Septemba 2024 Andy Jassy wa Amazon aliagiza kila kitengo kiongeze uwiano wa wafanyakazi wasio mameneja kwa mameneja kwa angalau asilimia 15 kabla ya robo ya kwanza ya 2025 kuisha.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwa maana hapa Nairobi mabenki yalitangulia. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka wa 2010 Benki Kuu ikaruhusu mabenki kutumia mawakala. Mwishoni mwa 2012 ikaja M-Shwari, huduma ya mikopo ya benki kwa simu, na mkopo mdogo ambao mteja angeusubiri mezani kwa afisa wa tawi ukawa unaamuliwa na mtambo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Sheria ya kudhibiti riba ilipoanza kutumika Septemba 2016 na faida ikabanwa, mabenki kadhaa yalifunga matawi na kupunguza watu. Sheria hiyo iliondolewa Novemba 2019, lakini sikumbuki kusikia kwamba walioondoka waliitwa warudi kwenye meza zao.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa meneja wa tawi, na niliitwa makao makuu Ijumaa saa kumi alasiri kwa kile walichokiita kikao kifupi. Kitu nilichokiona kwanza kilikuwa chai: maziwa yalikuwa kwenye birika lake peke yake, sukari kwenye bakuli lenye kifuniko, namna ambayo katika jengo lile waliandaliwa wakurugenzi tu. Kando ya kikombe palikuwa na barua ya kurasa nne na kalamu mbili, mojawapo ya akiba. Nilitia sahihi kabla chai haijapoa. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba nimelipwa yote ninayostahili na sitadai chochote tena, nami niliusoma Jumapili nikiwa nyumbani. Nakueleza haya ili utakapoona chai ya namna hiyo ujue cha kufanya: kunywa, shukuru, kisha sema kwamba utaipeleka barua hiyo nyumbani uisome. Mahakama zetu zimewahi kuwafungia mlango watu waliotia sahihi karatasi kama hiyo kwa hiari yao na wakiwa na akili timamu, kwa hiyo usitegemee kwamba hakimu atakuonea huruma kwa sababu ulikuwa na haraka.

Sasa turudi kwenye "kingine". Programu ya kampuni yako itaonyesha kwamba lori limesimama Mlolongo tangu saa tano. Haitaonyesha kwamba dereva amezuiwa kwenye mizani kwa sababu ghala la pili lilipakia mzigo mwingi kuliko kawaida kwenye ekseli ya nyuma, na kwamba ghala hilo limekuwa likifanya hivyo tangu msimamizi wake mzoefu alipohamishwa. Itaonyesha kwamba mteja wa Thika amepunguza oda kwa theluthi. Haitasema kwamba mteja huyo alikasirishwa na kijana wenu aliyeshusha mzigo mvuani na kukataa kusaini karatasi ya hasara. Mambo hayo unayajua wewe, na nina hakika unayatatua kila siku kwa simu mbili tatu, ila kwa miaka 14 hukuwahi kuyahesabu kuwa kazi. Uliyahesabu kuwa usumbufu unaokuchelewesha kumaliza jedwali lako.

Nunua daftari la kawaida, lile lenye jalada gumu, na kwa majuma mawili andika kila jioni uamuzi ulioufanya ambao usingefanyika au ungechelewa kama hungekuwapo. Usiandike mikutano uliyohudhuria wala ripoti ulizotuma. Andika mgogoro uliouzima, lori ulilolibadilishia njia, msimamizi uliyemfundisha kukataa hundi mbovu. Baada ya majuma hayo utakuwa na moja kati ya mambo mawili. Ukiwa na kurasa zilizojaa, Jumatatu ijayo acha jedwali, mwambie mkurugenzi mambo matatu ambayo simu yake haijui na lipi kati ya hayo unataka akuruhusu kulirekebisha. Ukiwa na kurasa tupu, basi kampuni imeona kabla yako, na itabidi uombe kazi yenye uzito wake ndani ya kampuni hiyo hiyo, hata kama jina lake ni dogo: kusimamia wateja wakubwa, au kuwa ndiye anayeifahamu hiyo programu kuliko wote. Wengi hukataa hili kwa sababu ya cheo. Nilifanya kosa hilo pia, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kuhusu sheria, ndiyo, inakulinda, ila haikulindi usipunguzwe. Inakulinda usipunguzwe ovyo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinamruhusu mwajiri kuondoa nafasi isiyohitajika tena, kwa masharti. Kwa kuwa mameneja kwa kawaida hawamo katika chama cha wafanyakazi, taarifa ya kusudio hilo inatakiwa ikufikie wewe binafsi kwa maandishi, na afisa wa leba aarifiwe pia. Mahakama zimeisoma sheria hiyo kumaanisha kwamba kuna taarifa ya mwezi mmoja ya kusudio, kisha notisi ya kuachishwa ambayo ni jambo jingine. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri anapaswa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja, wala si sura ya mtu. Wafanyakazi wa Kenya Airways waliopunguzwa mwaka wa 2012 walifika hadi Mahakama ya Rufaa, na uamuzi wa 2014 uliweka wazi kwamba kampuni inaweza kuwa na sababu ya kweli ya kupunguza watu na bado ikapatikana na makosa kwa kutofuata utaratibu, mashauriano yakiwemo.

Malipo ya chini kabisa ni siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kwako wewe, ukigawanya mshahara kwa siku 30, hiyo ni shilingi 90,000 kwa mwaka, mara 14, yaani shilingi 1,260,000 kabla ya kodi. Waajiri wengine hugawanya kwa siku 26 za kazi, na hapo hesabu inafika takriban shilingi 1,453,800, kwa hiyo uliza mapema ni kigawanyo kipi kampuni yako hutumia. Juu ya hayo kuna likizo ambayo hukuichukua, kuna mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, au zaidi ikiwa mkataba wako unataja miezi mitatu kama ilivyo kwa mameneja wengi, na kuna pensheni yako, ambayo nakusihi usiiguse hata ile sehemu ambayo sheria inakuruhusu kuichukua mapema.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa uutazame kwa makini. Kampuni isiyotaka kulipa siku hizo 15 inaweza kukuweka ghafla katika kile kinachoitwa mpango wa kuboresha utendaji, ili baada ya miezi mitatu ionekane umeondoka kwa uzembe. Anayeachishwa kwa utendaji mbaya halipwi fidia ya kupunguzwa. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na akuruhusu kuwa na mwenzako wa kazini katika kikao hicho. Leo, kabla hakujakucha vibaya, weka nyumbani nakala za tathmini zako za kila mwaka na barua za pongezi ulizonazo. Namaanisha zako wewe. Orodha za wateja na siri za kampuni usiziguse, maana hizo zitakupa kesi ya aina nyingine. Ukiona umedhulumiwa, una miaka 3 ya kufika katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo inaweza kuamuru ulipwe hadi mishahara ya miezi 12.

Mwisho, mkopo. Wengi huenda Sacco baada ya kumwaga unga, wakati ambapo hati ya mshahara haipo tena na aliye dirishani anaona hatari tu. Nenda sasa. Uliza wakikuongezea muda malipo ya mwezi yatashuka kiasi gani, uliza akiba yako italipia deni kiasi gani ukiacha kuchangia, na utazame fomu uone ni nani walikudhamini, kwa sababu ukishindwa kulipa ni mishahara yao itakayokatwa. Ikiwa wadhamini wako ni wale wasimamizi saba, na huo muundo mwepesi ukawapitia wote kwa pamoja, mtatazamana kwa uchungu. Usichukue nyongeza yoyote ya mkopo mwaka huu, hata kama umeshapata ploti nzuri Kangundo Road.

Kuhusu kungoja au kutafuta: tafuta ukiwa umekaa. Daftari lile la majuma mawili ndilo litakaloandika wasifu wako.

Barua ya pili

*Mshauri, kampuni yetu imetupa mameneja wa huduma kwa wateja nafasi ya kustaafu mapema kwa hiari. Wanatoa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka niliofanya kazi, nami nimefanya miaka 19. Nina umri wa miaka 47. Nina mkopo wa nyumba wa wafanyakazi katika benki, wenye riba nafuu iliyopatikana kupitia mwajiri. Tumepewa siku kumi za kuamua. Mume wangu anasema nichukue, dada yangu anasema nikatae. — Mama wa Donholm*

Jibu

Mama wa Donholm, mume wako na dada yako wote wawili wanaweza kuwa na haki, kwa kuwa hakuna kati yao aliyetaja mkopo wa nyumba, na hapo ndipo penye jibu lako.

Walichokupa ni maradufu ya kile ambacho sheria ingemlazimisha mwajiri kulipa akikupunguza kwa nguvu, na kwa miaka 19 hiyo ni tofauti ya mishahara tisa na nusu. Kwa upande huo ni ofa nzuri, nzuri kuliko nyingi ninazoziona, na mara nyingi awamu ya pili huja bila hiari na bila ukarimu. Lakini soma mkataba wako wa mkopo ukurasa kwa ukurasa. Mikopo mingi ya namna hiyo ina kifungu kinachosema kwamba siku unapoacha kazi riba inarudi kuwa ile ya soko. Iambie benki ikuandikie kwa maandishi malipo yako mapya ya mwezi, kisha toa kodi kwenye fedha ulizoahidiwa, gawanya kinachobaki kwa malipo hayo, na uone umenunua miezi mingapi ya amani. Nimewahi kumfanyia mtu hesabu hiyo, na kile alichokiona kuwa utajiri kilikuwa miezi 31.

Ndani ya siku hizo kumi unaruhusiwa kuomba; watu hawaombi kwa kudhani kwamba ofa ni kama bei ya duka kubwa. Omba riba ya wafanyakazi iendelee hata kwa miezi 24. Omba bima ya afya ya familia ikae mpaka mwisho wa mwaka wa bima, kwa sababu huduma za bima ya kampuni na zile za mchango wa SHIF, mfuko wa serikali wa bima ya afya, hazilingani, hasa kama kuna mtu nyumbani mwenye kisukari au presha. Omba cheti cha utumishi na barua ya sifa ziandikwe kabla ya siku ya mwisho. Wakikubali mawili kati ya matatu, na miezi ya amani ikizidi 40, ningechukua. Ikiwa fedha hizo tayari zimeshatengewa kununua gari la matatu moyoni mwa mtu yeyote hapo nyumbani, ningekataa. Waliostaafu mapema kutoka utumishi wa umma miaka ya 1990 wangali hai mitaani kwetu, na unaweza kuwauliza magari ya matatu waliyoyanunua yaliishia wapi.

Barua ya tatu

*Nilikuwa meneja wa mradi katika shirika lisilo la kiserikali lililofadhiliwa na Marekani. Mkataba wangu wa mwaka mmoja mmoja ulihuishwa mara nane. Mapema mwaka wa 2025 ufadhili ulisimamishwa nasi tukaambiwa turudi nyumbani miezi mitano kabla ya mkataba kuisha. Je, nina haki ya malipo yoyote? Nimetuma maombi zaidi ya 60 ya kazi ya meneja na sijajibiwa. — Wa Kahawa Sukari*

Jibu

Ndugu wa Kahawa Sukari, pole. Uamuzi wa Januari 2025 wa serikali ya Marekani wa kusimamisha misaada ya nje uliwamwaga mameneja wa miradi wengi katika soko la Nairobi kwa mpigo mmoja, na sehemu ya ukimya unaokutana nao inatokana na hilo tu.

Kama mkataba wako ungefika tarehe yake na usihuishwe, ningekuambia huna madai makubwa, kwa kuwa mkataba wa muda ukiisha umeisha, na kuhuishwa mara nane peke yake hakukupi haki ya mara ya tisa. Lakini wewe ulikatishwa ukiwa umebakiza miezi mitano kwa sababu fedha zimekosekana. Huko ni kupunguzwa kazini, na kifungu cha 40 hakina neno linalomsamehe mwajiri eti kwa sababu mfadhili wake amejitoa. Kagua kama ulipewa taarifa ya maandishi, kama afisa wa leba aliarifiwa, na kama ulilipwa siku 15 kwa kila mwaka. Iwapo miaka hiyo minane itahesabiwa kwa pamoja au kila mkataba utasimama peke yake itategemea maneno ya mikataba yenyewe na kama ulilipwa kiinua mgongo kila mmoja ulipoisha, kwa hiyo ipeleke yote kwa wakili au kwa afisa wa leba. Usikae mpaka miaka 3 ipite.

Kuhusu maombi 60, nimesoma wasifu uliouambatisha. Neno "meneja" limo mara kumi na moja, na sikuona popote bajeti uliyoisimamia ilikuwa ya shilingi ngapi, watu wangapi walikuwa chini yako, wala ukaguzi wa hesabu mliupitaje. Mtu aliyeweza kutosheleza wakaguzi wa mfadhili wa kigeni kwa miaka minane anajua kazi ambayo shule za kibinafsi, hospitali za misheni na viwanda vya kati vya hapa mjini vinaihitaji na mara nyingi havijui jina lake. Andika upya kurasa hizo mbili bila cheo hata kimoja, unitumie kabla ya tarehe 20, nami nitazirudisha zikiwa na kalamu nyekundu.